Majina ya Ndani ya Kola

Mdogo wangu alikuwa dobi, na nikisema dobi usimfikirie mtu wa kuloweka na kusuuza tu. Suruali ikipita mikononi mwake, mkunjo wake ulikuwa unakata. Karani mmoja wa mahakama alipitisha kidole kwenye mkunjo wa suruali yake ili aone ulivyonyooka, damu ikamtoka, akaenda kufungwa bandeji zahanati. Anayebisha akamuulize mwenyewe, kovu bado analo. Pasi yenyewe ilikuwa ya mkaa, nzito kama mkwe mwenye kinyongo, na nzi aliyekosea akatua juu yake alikuwa anaondoka amekunjwa mara nne.

Lakini sikukaa hapa kukuhadithia pasi. Nataka kukuhadithia jinsi mdogo wangu alivyokaribia kumkosa mke kwa sababu ya kitambaa cha upana wa vidole viwili, na jinsi mdomo wangu mimi ulivyohusika. Kisa hiki nimeshakisimulia kwa namna tatu nne hivi, na katika zote mimi sikuwa na kosa. Leo nakisema kilivyo.

Duka lake lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na kaunta ya mbao, daftari, na benchi. Cha nyuma kilikuwa na meza ya kupigia pasi iliyofunikwa blanketi kuukuu, misumari ya kutundikia nguo ukuta mzima, na mlango wa kutokea uani kwenye makarai na kamba za kuanikia. Benchi la mbele lilikuwa langu. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki, watoto wangu walishaoa na kuolewa, kwa hiyo nilishinda pale kutwa nikipokea salamu na habari. Chumba cha nyuma sikuwa naingia. Mvuke ulikuwa unanikaba kifua, na kusema kweli huko nyuma hakukuwa na habari yoyote.

Sasa, shida ya dobi ni moja. Nguo za watu ishirini zinaingia karai moja, na zikishalowa zote ni mama mmoja baba mmoja. Lazima ziwe na alama. Mdogo wangu alisoma madarasa manne, mimi hata la kwanza sikuuona mlango wake, na kuandika kwake kulikuwa kazi ya kutoa jasho. Mwanzoni aliandika majina ya watu kamili. Jina moja lilimchukua muda wa kukauka shuka. Akaanza kuyakata. Jina refu kama treni anabakiza kichwa tu, mabehewa anayaacha.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mtaani kwetu wazazi walikuwa wavivu wa kubuni majina, yanarudiwarudiwa, na ukiyakata ndiyo kabisa: watu watano wakawa jina moja. Mwenye duka la vyuma, mtu wa kupita mlangoni kwa ubavu, akapewa suruali ya kinyozi, ambaye alikuwa mwembamba kiasi kwamba akisimama nyuma ya ufagio unamtafuta. Na mzee mmoja, fundi saa, alipochungulia daftarini akaona jina lake limebaki kipande, hakugomba. Alivua miwani akasema, "Kijana, jina hili ni la marehemu babu yangu. Aliishi nalo lote mpaka kaburini. Leo wewe umemkata miguu."

Mdogo wangu hakulala vizuri siku mbili. Akaja kwangu kwenye benchi.

"Dada, nifanyeje? Marefu siyawezi, mafupi yananigombanisha."

"Waite wanavyoonekana," nikamwambia. "Wewe ukimwona mtu wa vyuma unaona nini kwanza?"

"Tumbo."

"Basi huyo ni Tumbo Kwanza. Kuna haja gani ya kujisumbua na baba yake na babu yake?"

Alicheka mpaka akashika kaunta. Na mimi, nikishaona mtu anacheka, sina breki. Kwa wiki moja nilibatiza mtaa mzima. Mwalimu mkuu, ambaye hawezi kusema hujambo bila kukohoa kwanza kama anayewasha gari bovu, nikamwita Kikohozi. Karani yule wa mahakama nikamwita Kesho, maana ndilo jibu lake kwa kila mwenye kesi. Muuza nyama alikuwa Nyundo, kwa ngumi zake. Mshona nguo wa kona alikuwa Redio Haizimwi. Fundi bomba nilimtazama, nikamtazama tena, sikuona kitu cha kushika: si mrefu si mfupi, si mnene si mwembamba, akiongea husikii na akinyamaza huoni tofauti. Nikamwita Yule Mwingine.

Mdogo wangu akicheka anaandika, anacheka anaandika. Mimi nilijua yanaingia daftarini tu. Kumbe kila jina alikuwa pia analiandika kwenye kitambaa kidogo cha shuka chakavu, kwa wino usiotoka, na kukishikiza ndani ya kola au ndani ya kiuno kwa mshono mmoja wa uzi mwekundu. Siku ya kurudisha nguo anachukua wembe, anakata ule uzi, anatoa kitambaa, anakunja, anafunga furushi. Miaka na miaka hakuna mteja aliyewahi kuona kitambaa hata kimoja. Hata mimi sikuwahi.

Kati ya wateja hao alikuwamo muuguzi wa zahanati, mjane, mama wa makamo, mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Watu wote walimwita Sista, kama wanavyoitwa wauguzi. Alihamia mtaani kwetu akiwa na sare tatu nyeupe, na siku ya kwanza alipoingia dukani nilimsikia kabla sijamwona. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi kidogo. Alikuwa anavaa kiatu chenye soli nene upande huo na sketi ndefu ya kukificha, lakini sakafu yetu ilikuwa ya saruji na saruji haina siri. Ka-du. Ka-du. Ka-du. Alipotoka tu nikamwambia mdogo wangu, "Huyu ni Mdundo." Naye akaandika.

Miaka minane alifua sare za Sista. Mwaka wa kwanza alimsalimia. Mwaka wa tatu akaanza kuvaa shati safi siku za Sista. Mwaka wa tano akajifunza kunyoa ndevu bila kujikata. Mke wake alishafariki zamani, na mimi nilikuwa namwambia, "Wewe unapika mkaa tu kwenye hiyo pasi, moto wenyewe uwashe lini?" Mwaka wa nane, siku ya Ijumaa moja, akajikaza. Nilikuwa pale benchi, nilijifanya nasinzia.

"Sista," akasema, "hizi sare nimezifua miaka minane, kila wiki nazisubiri hapa mlangoni."

"Ndiyo, Dobi. Kuna tatizo?"

"Tatizo ni kuzisubiri. Ningependa ziwe zinatoka chumba cha pili tu pale nyumbani kwangu."

Mimi pale benchi nilisahau kukoroma. Kisha Sista akasema, na kicheko kilikuwa kinamchungulia, "Dobi, huo ndio uchumba wako? Wa sare?"

"Mimi nguo ndizo ninazozijua, Sista."

"Nipe siku nane. Jumamosi ijayo nitakuja na jibu."

Alipotoka, mdogo wangu alikaa chini sakafuni kama karai lililoanguka. "Dada," akasema, "akikataa mimi naacha kazi hii, siwezi kuwa nafungua mlango nasikia hatua za watu wengine." Sikucheka. Ni mara chache mimi nakosa la kucheka.

Haya. Jumanne homa ikamshika, homa ya kutetemesha kitanda mpaka jirani wa pili akauliza nani anahamisha vyombo. Nguo alikuwa ameshazipiga pasi, zimetundikwa kila moja kwenye msumari wake. Kilichobaki ni kazi ya Ijumaa: kukunja, kufunga, kuwapa wenyewe. Yeye yuko kitandani anaongea na marehemu mama. Nani wa kuokoa duka? Dada mkubwa.

Niliingia chumba cha nyuma kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Nguo za watu nazijua kwa macho, sihitaji kusoma. Nikazikunja vizuri, nikazifunga kwa kamba, mafurushi ishirini na tatu, yamepangwa kaunta kama watoto wa shule. Ndani ya kola niliona vitambaa vimeandikwa. Nikajiambia, kila shati dukani lina kitambaa shingoni cha kusema limeshonwa wapi, ndicho hiki. Na uzi wenyewe mwekundu, unapendeza! Nikawapa watu nguo zao, nikapokea shukrani, nikaenda nyumbani nimevimba kichwa kama mkate.

Jumamosi asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Mdogo wangu alijikokota mpaka dukani, dhaifu, lakini amenyoa, na shati limenyooka. Alikuwa anasubiri jibu lake. Akaingia nyuma, akatoka.

"Dada. Nguo ziko wapi?"

"Nimewapa wenyewe jana. Zote. Hujaona mpangilio!"

"Vile vitambaa ulivitoa?"

"Vitambaa gani?"

Akaniambia vitambaa gani. Sijui kama umewahi kuona mtu mweusi akageuka rangi ya maji ya wanga. Mimi nilimwona. Na sijui mimi niligeuka rangi gani, yeye hakusema.

Wa kwanza kufika alikuwa Tumbo Kwanza, na kweli tumbo lilifika kwanza. Nyuma yake mwalimu mkuu, karani, mshona nguo, wote wamebana vitambaa kwa ncha za vidole kama mende.

"Dobi!" Mwalimu mkuu akakohoa, akakasirika kwamba amekohoa. "Mimi nimefundisha mtaa huu miaka ishirini na sita. Nimevaa shati hili kwenye kikao cha wazazi, nimevua koti, mzazi aliyekaa nyuma yangu akasoma shingoni kwangu kwa sauti!"

"Akasema nini?" aliuliza karani.

"Wewe hayakuhusu. Wewe umeitwa nani?"

"Kesho."

"Hilo sasa si jina la utani, hiyo ni hukumu," akasema Tumbo Kwanza, na watu wakaangua kicheko, naye karani akamgeukia: "Na wewe uliyetangulizwa tumbo?" Kicheko kikageukia upande mwingine. Nikaona jambo la ajabu pale. Kila mmoja alikuwa anavunjika mbavu kwa jina la mwenzake na kununa kwa lake. Mshona nguo alilalamika bila kupumua tangu mlangoni mpaka kaunta kwamba yeye si mtu wa maneno mengi. Muuza nyama, yeye, alikuja kuuliza kama anaweza kupata kitambaa kikubwa zaidi, akibandike juu ya bucha. Nyundo! Mke wake amempikia mara mbili jana.

Aliyeniuma ni fundi bomba. Alisubiri wote wamalize. Kisha akaweka kitambaa chake juu ya kaunta taratibu.

"Wenzangu wote umewaona kitu," akasema. "Hata tumbo ni kitu. Mimi miaka kumi nakuja hapa, Dobi. Yule Mwingine?"

Mdogo wangu angeweza kunielekezea kidole. Nilikuwa pale pale, hatua mbili, kwenye benchi langu. Alifuta jasho akasema, "Mkono ulioandika ni huu. Sina pa kuuficha. Nisameheni." Hakunitazama kabisa. Na mimi, mwanamke mwenye mdomo wa kujaza debe, nikatazama kucha zangu.

Watu walikuwa wanaanza kupoa, wanataniana, wengine wameshaitana kwa majina mapya, niliposikia saruji. Ka-du. Ka-du. Watu wakampisha.

Sista alikuwa na vitambaa sita mkononi. Jana nilikuwa nimempa na nguo za wenzake wa zahanati awapelekee.

"Dobi, umeamka. Pole na homa."

"Nimeshapoa, Sista."

"Nataka nikwambie ukweli. Jana jioni nilifungua furushi la daktari, nikakuta jina lake, nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikafungua la mtu wa maabara, nikacheka machozi. Nilikuwa nasema moyoni, mwanamume huyu ana vichekesho, nyumba yake haitakuwa na huzuni. Kisha nikafungua la kwangu."

Aliweka vitambaa vitatu kwenye kaunta. Mdundo. Mdundo. Mdundo.

"Ni... ni kama wa ngoma, Sista," akasema mdogo wangu kwa sauti ya kufa.

"Nilipoingia humu siku ya kwanza kulikuwa na ngoma?"

"Hapana."

"Nikiwa shuleni walikuwa wananiita jina kama hili. Walikuwa wanalipiga kwenye madawati nikiingia darasani. Nilipohamia huku nilifurahi, nikasema hapa hakuna anayenisikia." Alikuwa anasema polepole, kama anayemhesabia mgonjwa vidonge. "Uliniandika hivi siku ya kwanza?"

"Ndiyo. Nilikuwa sikujui."

"Na mwaka wa pili?"

"Nilikuwa nakujua kidogo."

"Na wiki hii, Dobi? Wiki hii ambayo unasubiri jibu langu?"

Sista akageuka. Ile Ka-du ya kutoka ilikuwa ndefu kuliko barabara yenyewe, na dukani hakuna aliyekohoa, hata mwalimu.

Wiki iliyofuata mdogo wangu aliunguza shati. Miaka yote ile hajawahi kuunguza hata leso. Jumatatu shati, Jumanne shuka, Jumatano aliweka wanga kwenye soksi za daktari, zikasimama zenyewe mlangoni kama zinabisha hodi. Alikuwa anakula kama anayeonja. Nikamwambia, "Mwambie ni mimi niliyelitunga." Akasema, "Wewe ulisema, dada. Maneno yako yangepotea hewani kama mengine yote unayosema. Mimi ndiye niliyeyashikiza kwa uzi."

Usiku huo sikuona utamu wa kitanda. Alhamisi nikajifunga kanga, nikaenda zahanati.

Sista alikuwa anapima watoto uzito. Alikuwa anawaning'iniza kwenye mzani mmoja mmoja, wanapiga makelele, yeye anasoma mshale wa mzani anaandika. Aliponiona akasema, "Dada mkubwa, unaumwa?"

"Naumwa ulimi."

"Panua mdomo."

"Huo ndio ugonjwa wenyewe, Sista, kuupanua." Nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, sikutia chumvi hata punje, na wanaonijua watakwambia hiyo peke yake ni muujiza. Kwamba majina yote nimetunga mimi. Kwamba lake nimelitunga mimi, kabla hajafika hata kona. Kwamba mimi ndiye niliyeacha vitambaa. Kwamba mdogo wangu alikuwa na nafasi ya kunitaja mbele ya watu akainyamazia.

Akamtoa mtoto kwenye mzani, akamkabidhi mama yake. Akanigeukia.

"Kwa hiyo wewe ulisema, yeye aliandika."

"Ndiyo."

"Asingeandika ungefanya nini?"

"Ningesema tu."

"Na ulikuwa unanichukia?"

"Hata kidogo! Nilikuwa nakupenda. Wewe ukiingia benchi lilikuwa linachangamka. Mimi naita watu majina kama wengine wanavyowapa watoto peremende. Mtu nisiyempenda simpi jina." Hapo nikaona nimeshika njia nzuri, nikaongeza mwendo. "Ni mapenzi yale, Sista, ni utani wa ndugu, mbona sisi—"

"Dada mkubwa," akasema. "Jina langu ni nani?"

Nikafungua mdomo.

Nimeishi miaka mingi. Nimejibu polisi, nimemjibu mkwe wangu mbele ya ukoo mzima, nimejibu radi. Pale mdomo ulibaki wazi na hakuna kilichotoka. Miaka minane! Najua viatu vyake viko jozi ngapi. Najua chai hanywi na sukari. Najua ukweni kwake waligombea shamba. Mbele yake ni Sista, nyuma yake ni Mdundo, na katikati hapo, palipo na mtu, sikuwahi kuuliza.

"Unaona," akasema, bila ukali. Huo upole ndio ulionichoma. "Unanipenda, sawa. Lakini unampenda nani?"

Nilirudi nyumbani bila kusimama kwa mtu yeyote njiani. Watu wa mtaani walidhani nimefiwa.

Jumamosi alikuja. Hakumwambia mtu kwamba anakuja. Nilikuwa benchi, mdogo wangu yuko kaunta anashona kifungo. Tulisikia wote wawili. Yeye akaweka sindano chini, akasimama wima kama suruali zake.

"Dada yako alikuja kwangu," akasema Sista. "Kwa nini hukuniambia kwamba si wewe uliyelitunga?"

"Kwa sababu ni mimi niliyeliandika, Sista. Mara tatu kila wiki, miaka minane."

"Hujui kujitetea."

"Sina la kujitetea nalo."

"Na jina langu unalijua?"

Nikasema moyoni, Mola wangu, sisi ni ukoo wa wajinga, ameshakwisha.

Mdogo wangu akafuta mikono kwenye aproni. Kisha akalitaja. Alilitaja la Sista mwenyewe, akalitaja la baba yake, akalitaja la babu yake, na hakuishia hapo, akalitaja na lile la utotoni alilopewa na bibi yake, ambalo alilisikia mara moja tu, mwaka wa sita, dada yake Sista alipokuja kumtembelea akamwita akiwa barabarani. Alilitaja bila kukimbia, kama mtu anayetandika shuka na kulainisha kila pembe.

Sista akasogelea kaunta. "Ulilijua lote. Na hukuliandika hata siku moja?"

"Ni refu," akasema. "Nilikuwa naogopa nitaliharibu."

Nikamwona Sista anauma mdomo. Sikujua kama analia au anacheka, na nina uzoefu wa vyote viwili. Akavuta pumzi, akaweka mkono juu ya kaunta.

"Sikiliza basi. Sijasahau, na usidhani nimesahau. Likinijia usiku nitakuamsha tuliseme tena. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Kuolewa nitaolewa. Lakini sare zangu nitafua mwenyewe. Kitambaa chako hakitanigusa kola tena maisha yangu yote."

"Na pasi?" akauliza mdogo wangu. Mwanamume yule! Mbingu zimemfungukia, yeye anauliza pasi.

"Pasi utapiga. Mimi nikiwa nimesimama hapo natazama."

Nami nikashindwa kujizuia, nikaruka kutoka benchi, nikapiga kigelegele kilichoangusha vibanio vyote kwenye kamba za uani, na nikamkimbilia mikono wazi, "Wifi yangu!"

Akanisimamisha kwa kiganja, vile vile anavyowasimamisha wanaotaka kuingia kwa daktari bila foleni.

"Bado, dada mkubwa. Jina la wifi wewe hujalipata. Wewe utaniita jina langu. Lote, kama alivyolitaja mdogo wako."

"Lote? Na la babu?"

"Na la babu."

Wakaoana. Fundi bomba alikuwa msimamizi wa bwana arusi, mdogo wangu alimwomba mwenyewe, akamwita kwa jina lake kamili mbele ya watu, na siku hiyo kila mtu akamwona. Mimi nilitumikia kifungo changu mwaka mzima. Nikitaka chumvi, nataja jina la Sista, la baba yake, la babu yake, chumvi ikija chakula kimeshaliwa. Nikimwamkia asubuhi, nikimaliza ni mchana. Siku moja niliona nyoka karibu na mguu wake uani, nikaanza kumwita ili nimwonye, nilipofika kwa baba yake nyoka akachoka kusubiri akaenda zake.

Alikuwa anasikiliza mpaka mwisho kila mara, hakunipunguzia hata herufi. Na mimi, huko mbele, nilianza kulisema bila kukereka. Kuna jinsi lilivyokuwa linashuka mdomoni, la kwake linapanda, la baba linatulia, la babu linafunga mlango. Nilimuuliza babu huyo alikuwa mtu gani. Akanieleza. Ilituchukua alasiri nzima, tunachambua mchele sinia moja.

Tulipomaliza nikasema, kama kawaida yangu, jina lote toka mwanzo, nipe ungo.

Akanipa ungo. Akasema, "Inatosha sasa. Niite wifi."

Nikamwita wifi. Sikuongeza neno, na kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kazi.